Bima ya Kupita Ubalozini na Bima ya Kutibiwa

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mzee wa miaka 63, mkazi wa Buruburu hapa Nairobi. Nilistaafu miaka mitatu iliyopita baada ya kulitumikia shirika moja la umma nikiwa mhandisi, na mke wangu, mwenye umri wa miaka 59, alifunga duka lake la vitambaa mwaka jana. Binti yetu wa pekee ni muuguzi katika mji wa Valencia, Uhispania, ambako ameolewa na amejaliwa watoto wawili ambao tumewaona ana kwa ana mara moja tu. Amekuwa akitusihi twende tukaishi karibu naye, na baada ya kulijadili jambo hilo kwa muda mrefu mimi na mama yake tumekubali. Tungependa kuomba ile viza ya kuishi Uhispania bila kufanya kazi, ambayo wastaafu wengi huitumia.

Upande wa mapato haunipi wasiwasi mkubwa. Nikijumlisha pensheni yangu na kodi ya nyumba ninazopangisha Kitengela, tunapata takriban shilingi 490,000 kwa mwezi baada ya kodi ya serikali, na taarifa zetu za benki zinaonyesha hivyo bila kukatika. Kinachoninyima usingizi ni bima ya afya. Nilienda kwa wakala mmoja wa viza mwenye ofisi katikati ya jiji, naye akanihakikishia kwamba kadi zetu za SHA, yaani bima ya afya ya serikali, pamoja na bima ya safari ya yuro 30,000 aliyotuuzia siku hiyo hiyo, zinatosha kabisa. Nimekuambatishia nakala ya bima hiyo ili uisome.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mke wangu ana shinikizo la damu tangu mwaka 2017 na kisukari tangu mwaka 2019. Anajitunza vizuri mno. Kila asubuhi kabla ya chai hujidunga kidole, akapima sukari, kisha akaandika tarakimu katika daftari la miraba analoliweka juu ya friji, na daftari analotumia sasa ni la nne. Wakala alipolisikia hilo alituambia tusilionyeshe daftari hilo kwa mtu yeyote, na kwamba katika fomu zote tuandike kuwa mama hana ugonjwa wowote, kwa sababu ubalozi hauwapi viza watu wenye sukari. Tangu siku hiyo mke wangu amekuwa mnyonge. Amefikia hata kuniambia niende peke yangu kuwaona wajukuu, yeye abaki, asije akaniharibia ombi. Maneno hayo yameniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Naomba unijibu haya. Je, bima tuliyouziwa inatosha? Je, ni kweli kwamba maradhi ya mke wangu yatamnyima viza? Je, tuyafiche kama tulivyoshauriwa? Na je, ni busara kulipia bima ya mwaka mzima kabla ya kujua kama viza itatoka, na tukishaondoka tufanye nini na SHA?

Mstaafu, Buruburu

Mzee wangu,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na Mama. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimeisoma bima uliyoniambatishia kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nitaanza na swali uliloliweka la pili, kwa kuwa kuna mtu nyumbani kwako anayelibeba moyoni kila asubuhi anapolifungua daftari lake, na hastahili kusubiri hadi mwisho wa majibu haya.

Kisukari na shinikizo la damu haviwi sababu ya Uhispania kumnyima mtu viza hii. Katika nyaraka za ombi kuna cheti cha daktari, na cheti hicho kina maneno maalumu yanayotakiwa: daktari anathibitisha kwamba mwombaji hana ugonjwa wowote unaoweza kuleta madhara makubwa kwa afya ya umma kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Kanuni hizo zinahusu hasa maradhi yanayoweza kuenea na kuvuka mipaka ya nchi. Sukari ya Mama haimwambukizi jirani, na presha yake haisababishi mlipuko popote. Daktari wake anaweza kuitia sahihi kauli hiyo mchana kweupe, akijua fika anachomtibu, na asiwe amesema uongo hata wa neno moja. Tafadhali mwonyeshe Mama aya hii aisome mwenyewe. Wakala wenu alichanganya mambo mawili yaliyo mbali sana, yaani kile ambacho ubalozi unakitafuta katika cheti cha daktari na kile ambacho kampuni ya bima inakiuliza katika fomu yake, na kwa mchanganyiko huo akamtia mama wa watu hofu isiyo na msingi.

Sasa nije kwenye bima. Jibu la swali lako la kwanza ni hapana, haitoshi, wala haikaribii kutosha. Kiwango cha yuro 30,000 kinatoka katika kanuni za viza ya Schengen ya muda mfupi, ile ya mtu anayekwenda kutembea kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180. Ni kiwango halali kwa safari hiyo, na kama mngekuwa mnakwenda kubatiza mjukuu na kurudi ningewaambia mmefanya vyema. Ninyi mnaomba ruhusa ya kuishi. Tazama ukurasa wa pili wa hati yenu, mstari wa tano, palipoandikwa kwamba bima inahusu safari isiyozidi siku 92 mfululizo. Tazama tena ukurasa wa nne, ambapo matibabu yanayolipiwa ni ya dharura peke yake, na aya inayofuata inaondoa kabisa ugonjwa wowote uliokuwepo kabla ya tarehe ya kuanza. Maana yake ni kwamba Mama akihitaji kipimo cha kawaida cha figo, ambacho mgonjwa wa sukari hukihitaji mara kwa mara, bima hiyo hailipi senti. Wewe mwenyewe ukitaka kumwona daktari kwa maumivu ya goti yasiyo ya dharura, hailipi pia.

Kuhusu kadi za SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024, na kazi yake ni kulipia huduma katika vituo vilivyoingia mkataba nayo hapa Kenya. Matibabu ya ng'ambo yanaingia tu pale ambapo huduma yenyewe haipatikani nchini na idhini imetolewa kabla. Mtu aliyehamia Valencia hawezi kuiegemea kwa matibabu yake ya kila siku, na ofisa wa viza hawezi kuihesabu.

Kinachotakiwa na Uhispania ni bima ya afya, ya umma au ya binafsi, kutoka kwa kampuni iliyoidhinishwa kufanya biashara ya bima nchini Uhispania, yenye kumhakikishia mwenye bima huduma zinazolingana na zile za mfumo wa afya ya umma wa nchi hiyo. Kampuni ya bima ya hapa Nairobi, hata ikiwa na leseni safi ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima na hata ikiwa na tawi katika nchi kumi za Afrika, haitimizi sharti hilo kama haijaidhinishwa kule. Idara ya serikali ya Uhispania inayosimamia bima, inayoitwa Dirección General de Seguros y Fondos de Pensiones, ina rejista ya wazi ya kampuni zote zilizoidhinishwa. Mwombe binti yako aitafute kampuni yoyote mtakayopendekezewa katika rejista hiyo kabla hamjatoa hata shilingi moja.

Katika cheti cha bima kuna maneno mawili ya Kihispania ambayo ningependa uyajue kama unavyojua jina lako, kwa sababu ofisa wa viza atayatafuta kwa macho. La kwanza ni «sin copago», yaani mgonjwa hachangii chochote kila anapomwona daktari au anapolazwa. Kampuni nyingi huuza bima nafuu ambazo mwenye kadi hulipa kiasi fulani kila ziara, na bima hizo, ingawa zinawafaa Wahispania wenyewe ambao tayari wana huduma ya umma, hukataliwa kwa viza yenu. La pili ni «sin carencias», yaani hakuna kipindi cha kusubiri. Bima za kawaida humtaka mteja mpya asubiri miezi kadhaa kabla ya kulipiwa upasuaji au kulazwa. Yenu inatakiwa ianze kufanya kazi kikamilifu tangu siku ya kwanza. Cheti kionyeshe pia kwamba kinahusu mwaka mzima, kwamba hakina kikomo cha fedha, na kiwe na majina kamili kama yalivyo katika pasipoti pamoja na nambari ya pasipoti. Hapa uwe mwangalifu. Wahispania wana mazoea ya jina moja na majina mawili ya ukoo, na sisi Wakenya tuna majina matatu ambayo mfumo wao huyapanga unavyotaka. Mkipokea vyeti, wekeni pasipoti kando na mlinganishe herufi kwa herufi, kila mmoja na chake.

Tufike sasa penye kiini cha barua yako. Nakusihi, Mzee wangu, usifiche maradhi ya Mama kwa kampuni ya bima. Sheria ya Mkataba wa Bima ya Uhispania, Nambari 50 ya mwaka 1980, katika kifungu chake cha 10, inamtaka anayekata bima ajibu kwa ukweli dodoso la afya analopewa, akitaja kila anachokijua kinachoweza kubadilisha uzito wa hatari inayobebwa na kampuni. Kampuni ikigundua baadaye kwamba aliacha jambo, inaweza kuuvunja mkataba ndani ya mwezi mmoja tangu ilipojua. Ikiwa ugonjwa umempata kabla haijauvunja, malipo hupunguzwa kwa kulinganisha kilicholipwa na kile ambacho kingelipwa kama ukweli ungesemwa. Na ikiwa imebainika kwamba alidanganya kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa, kampuni haidaiwi chochote. Mtu mwenye madaftari manne yaliyojaa tarakimu za sukari hawezi kudai kwamba alisahau.

Nalisema hili kwa uchungu kwa kuwa lilinikuta nyumbani. Shangazi yangu, aliyekuwa akiishi Umoja, alikata bima ya afya hapa hapa Nairobi kupitia ajenti aliyemjazia fomu yote mwenyewe, yeye akaweka sahihi tu mahali alipoonyeshwa. Palipoulizwa kuhusu presha, ajenti aliweka alama ya «hapana» ili fomu ipite haraka. Mwaka uliofuata shangazi alipata kiharusi. Kampuni iliagiza faili lake la zahanati, ikalikuta la miaka sita ya presha, na barua ya kukataa dai ikatufikia angali kitandani hawezi kuinua mkono wa kulia. Nakumbuka nikiishika ile fomu na kuitazama ile alama ndogo ya kalamu ya bluu, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwepo wodini siku ile na ambaye simu yake ilikuwa haipatikani tena. Tulifanya mchango wa ukoo, na ndivyo alivyotoka hospitalini. Ndiyo maana nakuambia kwamba dodoso la afya la Mama lijazwe na Mama mwenyewe, wewe ukiwa kando yake, na binti yenu, ambaye ni muuguzi na anakijua Kihispania, awe kwenye simu akiwafasiria kila swali.

Jambo moja la kukupa utulivu ni kwamba sheria hiyo hiyo inamtaka mtu ajibu anachoulizwa. Hamlazimiki kumweleza ofisa wa bima historia ya maisha yenu. Akiuliza kama kuna ugonjwa uliogunduliwa, jibuni. Akiuliza dawa zinazotumiwa, tajeni kila moja na kipimo chake. Akiuliza kuhusu kulazwa, semeni mwaka na sababu. Asipouliza, nyamazeni.

Baada ya kujibu kwa ukweli, kampuni inaweza kuchukua mojawapo ya njia tatu. Inaweza kumkubali Mama pamoja na maradhi yake, kwa kawaida kwa kuongeza malipo. Inaweza kumkubali lakini ikaandika kwamba matibabu ya sukari na presha hayamo. Au inaweza kumkataa, na hapo mtajaribu nyingine, kwa maana kampuni hazifanani katika jambo hili hata kidogo. Anzeni mapema, kwa kuwa umri nao unahesabiwa. Kampuni nyingi huweka kikomo cha umri wa kumpokea mteja mpya, na kadiri mtu anavyosogelea miaka 70 ndivyo milango inavyopungua. Ninyi mngali upande mzuri wa mstari huo.

Njia ya kwanza ikipatikana, ichukueni hata kama bei inauma. Ya pili ndiyo inayowapata watu wengi, na hapa ndipo napenda uitofautishe bima ya kupita ubalozini na bima ya kutibiwa. Cheti chenye maneno yote yanayotakiwa kinaweza kumpatia Mama viza, naye akafika Valencia, kisha akagundua kwamba kila kinachohusu sukari yake atajilipia mwenyewe, kuanzia kumwona daktari hadi kulazwa ikiwa sukari itapanda au kushuka ghafla. Soma kwa makini ukurasa wa mambo yasiyolipiwa katika masharti ya jumla, neno la kutafuta likiwa «preexistencias», yaani maradhi yaliyokuwepo kabla, na umuulize mwuzaji kwa maandishi, si kwa simu: mgonjwa wa kisukari akipata kiharusi au tatizo la figo, je, mtasema limetokana na kisukari? Jibu lake lihifadhi. Ikiwa mtaingia kwa njia hiyo, wekeni fedha kando kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na daktari wa binti yenu anaweza kuwakadiria gharama za dawa na vipimo vya mwaka kwa mgonjwa anayejidhibiti vizuri kama Mama.

Nasema mwaka wa kwanza kwa sababu kuna mlango mwingine unaofunguka baadaye, na wakala wenu hakuwatajia. Uhispania ina mpango unaoitwa «convenio especial», uliowekwa kwa Amri ya Kifalme Nambari 576 ya mwaka 2013, ambao unamruhusu mkaazi asiye na haki nyingine ya matibabu ya umma kujiunga na mfumo wa afya ya umma kwa kulipa kila mwezi. Sharti kuu ni awe ameishi nchini humo kihalali mwaka mmoja mfululizo kabla ya kuomba, na awe ameandikishwa katika daftari la wakaazi la manispaa. Malipo yaliyowekwa ni yuro 60 kwa mwezi kwa mtu aliye chini ya miaka 65 na yuro 157 kwa aliyefikisha umri huo. Kwa kadiri ya shilingi 150 kwa yuro, Mama atalipa kama shilingi 9,000 kwa mwezi, na wewe hivyo hivyo hadi utimize miaka 65, kisha utapanda hadi kama 23,500. Mpango huo haumbagui mtu kwa maradhi aliyokuja nayo. Upungufu wake ni kwamba dawa za kununua famasi mtazilipia zote wenyewe. Kwa hiyo siku mtakayopata makazi Valencia, nendeni manispaa mkaandikishwe wiki hiyo hiyo na mtunze cheti, maana ndicho kitakachothibitisha mwaka wenu ulianza lini. Bima ya binafsi msiiache hadi mkataba wa umma uwe umesainiwa na umeanza kufanya kazi, kwani mtu asiye na bima hata kwa wiki mbili anaweza kukwama wakati wa kuhuisha kibali.

Umeuliza kama ni busara kulipa mwaka mzima kabla ya viza kutoka. Bima inapaswa kuwa imekatwa wakati wa kuwasilisha ombi, hivyo hakuna namna ya kuikwepa kabisa. Lakini kuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kulipa. Kwanza, kampuni iko tayari kuweka tarehe ya kuanza sawa na tarehe mnayotarajia kuingia, na kuisogeza kama viza itachelewa? Pili, viza ikikataliwa, je, malipo yatarudishwa yote mkionyesha barua ya kukataliwa, na baada ya siku ngapi? Kampuni zilizozoea wateja wa viza hukubali mambo haya na huyaandika. Isiyotaka kuyaandika iacheni. Na msilipe kupitia akaunti ya wakala. Lipeni kampuni moja kwa moja, au binti yenu alipe kwa niaba yenu huko huko na stakabadhi itoke kwa majina yenu.

Kuna jambo ambalo hukuuliza lakini sisi hapa tunalijua vyema. Ningependa bima zenu ziwe na kipengele cha kurudishwa nyumbani, mtu akiwa mgonjwa sana au akifariki. Bima nyingi za afya za kule hazina kipengele hicho isipokuwa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wageni, na mara nyingi huongezwa kwa malipo ya ziada. Huenda una shamba la wazazi na umezika watu wako hapo. Sote tumekaa katika mikutano ya mazishi ya jioni, mwili ukiwa ng'ambo na kikapu cha michango kikizunguka kwa wiki ya tatu. Liulizeni hilo sasa mkiwa na afya njema.

Kuhusu mapato nitapita haraka, maana umesimama vizuri. Kiwango kinachotakiwa ni mara nne ya kipimo cha mapato kinachoitwa IPREM, ambacho tangu mwaka 2023 kimekuwa yuro 600 kwa mwezi, pamoja na kipimo kimoja kwa kila mtegemezi. Kwa mume na mke ni yuro 3,000 kwa mwezi, au 36,000 kwa mwaka, takriban shilingi milioni 5.4. Mnakivuka, ingawa si kwa mbali, kwa hiyo gharama ya bima ya Mama ikipanda hakikisheni akiba yenu benki nayo inaonekana. Viza hii haiwaruhusu kufanya kazi Uhispania. Njia ya binti kuwaita wazazi ipo pia, lakini kwa mkaazi ambaye si raia wa Umoja wa Ulaya huwahusu wazazi waliotimiza miaka 65 wanaomtegemea, na ninyi hamjafika huko. Vyeti vya tabia njema vya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, pamoja na cheti cha ndoa vitahitaji kuthibitishwa na kufasiriwa kwa Kihispania na mfasiri aliyeapishwa, na vyeti hivyo havikai muda mrefu kabla ya kuisha muda wake, hivyo bima ianze kutafutwa kwanza, kabla hamjapanga foleni ya alama za vidole.

SHA endeleeni nayo ikiwa mnatarajia kuja nyumbani kila mwaka, kwa kuwa mkiwa hapa ndiyo itakayowalipia hospitalini na bima ya Uhispania haitakuwa na kazi. Malipo yenu kama watu wasioajiriwa hukadiriwa kulingana na mapato ya kaya kwa asilimia 2.75 na hulipwa kwa mwaka. Lipieni kabla ya kuondoka. Ile bima ya safari mliyouziwa, mrudieni wakala na mwombe ifutwe na fedha zirudishwe, mkitaja kwamba haijaanza kutumika. Fomu zozote alizowajazia msizitie sahihi, na kama mlishatia sahihi basi zitakeni mzichane mbele yake.

La mwisho ni lile daftari la juu ya friji. Wakala aliwaambia mlifiche. Mimi nakuomba umpeleke Mama kwa daktari wake akiwa nalo mkononi, pamoja na yale matatu yaliyotangulia kama bado mnayo. Daktari akiziona tarakimu hizo mwezi baada ya mwezi, na akiongeza kipimo cha sukari cha miezi mitatu na kile cha figo, ataweza kuandika barua ya ukurasa mmoja inayosema ugonjwa uligunduliwa lini, dawa ni zipi kwa majina yake ya kitaalamu, na kwamba umedhibitiwa bila madhara. Barua hiyo ndiyo itakayoambatana na dodoso la bima, na ndiyo itakayoifanya kampuni imtazame kama mtu anayejitunza. Nakala yake nyingine akae nayo kwenye mkoba pamoja na dawa za miezi mitatu, ampe daktari wa kwanza atakayemwona Valencia. Na daftari la tano alinunue kabla hamjasafiri, maana miraba ya aina hiyo huenda asiipate huko.